Nani Atatangaza Vifo vya Watangazaji?

Jumamosi iliyopita nilisimama katika makaburi ya Maili Mbili, hapa Dodoma, kumzika mtu aliyenifundisha kukata kanda ya sauti kwa wembe. Waombolezaji hatukuzidi sitini. Mjukuu wake alisoma wasifu wa marehemu: amezaliwa wilaya ya Mpwapwa, amesoma shule ya misheni, ameoa, amejaliwa watoto sita, amekuwa mzee wa kanisa, na baada ya kustaafu amelima zabibu Hombolo. Kuhusu kazi yake ilisomwa sentensi moja tu: “Marehemu aliwahi kuwa mtumishi wa serikali.”

Miaka ishirini na tisa ya kunasa, kukata, kuunga na kuhifadhi sauti za watu wa nyanda hizi za kati, kuanzia Kondoa hadi Manyoni, ilimalizwa na sentensi hiyo. Mjukuu hana kosa. Alisoma alichoandikiwa, na aliyemwandikia aliandika alichokijua. Mwakilishi wa mwajiri wake wa zamani hakuwapo. Hapakuwa na shada la maua wala karatasi ya rambirambi. Na mimi, niliyeketi naye chumba kimoja cha kuhariria kwa miaka minane kabla sijaingia katika ualimu wa chuo kikuu, nilizipata habari za msiba wake katika kundi la WhatsApp la wastaafu, zikiwa zimebanwa kati ya tangazo la kiwanja kinachouzwa na ujumbe wa mtu anayetafuta dawa ya magoti.

Ndugu msomaji, nisingeandika makala haya kama jambo hili lingekuwa la mtu mmoja. Katika daftari langu nimeorodhesha watu ishirini na watatu niliofanya nao kazi katika utangazaji wa umma ambao leo ni marehemu. Habari za vifo kumi na vinne kati ya hivyo nilizipata baada ya mazishi. Na hawa ni watu ambao kazi yao maisha yote ilikuwa kufikisha habari.

Walio na umri wangu wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Kabla ya simu za mkononi, kifo katika nchi hii kilikuwa hakijajulikana mpaka kitangazwe na Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu alifariki Muhimbili, ilhali ndugu zake wako Kilimatinde, Mvumi, Kibakwe na Itigi. Barua ingefika baada ya arobaini. Familia ilikwenda kulipia tangazo, na wakati wa matangazo ya vifo ulipowadia nyumba zilinyamaza: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, habari ziwafikie fulani wa Mpwapwa, fulani wa Singida, pamoja na ndugu na jamaa wote popote walipo. Vijijini kwetu betri zilipochoka tulizianika juani mchana kutwa ili zitufikishe kwenye matangazo hayo. Mama yangu alipata habari za kifo cha kaka yake kwa njia hiyo, na hadi anaingia kaburini aliikumbuka sauti iliyolisoma jina la kaka yake polepole, bila kulikosea.

Kulisoma jina bila kulikosea hakukuwa bahati. Mzee mmoja aliyekuwa akitupangia zamu sisi vijana alituambia siku ya kwanza kazini: ukilikosea jina la waziri, waziri atapiga simu, ukilikosea jina la marehemu wa Itigi, hakuna atakayekupigia, ila kuna watu hawatakwenda kuzika. Nilimshuhudia akipiga simu posta ya wilaya kuuliza jinsi jina la kijiji kimoja linavyotamkwa. Mzee huyo naye ni marehemu. Kifo chake hakikusomwa redioni.

Sasa niseme hoja yangu waziwazi. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa dhati, miaka 43 baada ya uamuzi wa 1973. Shirika la Utangazaji Tanzania nalo limepangiwa makao makuu mapya huku kwetu, katika eneo la Vikonje. Kuna mipango ya majengo, ya studio na ya mitambo. Ninachouliza ni kama kuna mpango wa wafu. Taifa linapoihamisha redio yake bila orodha ya waliofia kazini na waliozeekea humo, na bila sauti walizozinasa, linahamisha samani tu. Nadai kwamba majina na kanda vihamishwe kwanza, kabla ya viti, na nitaeleza kwa nini mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Tuanze na majina. Redio ya taifa hili imebadilishiwa jina mara nyingi kuliko taasisi nyingine nyingi za umma. Ilianza 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation. Mwaka 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 2002 redio na televisheni ya taifa zikaunganishwa chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 likaja Shirika la Utangazaji Tanzania, hata kifupisho cha TBC kikazaliwa mara ya pili. Majina matano katika miaka isiyofika sitini. Kila jina lilikuja na barua zake, nembo yake, bodi yake na orodha yake mpya ya watumishi. Mtu aliyeajiriwa chini ya jina moja, akapandishwa cheo chini ya la pili na kustaafu chini ya la tatu, ni rahisi kuwa mgeni kwa kila aliyefuata.

Nitaambiwa kwamba watangazaji wakubwa wanakumbukwa. Ni kweli, na nafurahi. Paul Sozigwa na David Wakati, waliowahi kuiongoza Radio Tanzania, hutajwa kila historia ya redio inaposimuliwa. Ben Kiko bado anaigizwa na watu ambao hawakuwahi kumwona, kwa jinsi alivyoisimulia nchi ya magharibi. Halima Mchuka alitangaza mpira wa miguu wakati kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume peke yao, na wanawake wanaotangaza michezo leo wanalijua jina lake. Julius Nyaisanga alipofariki Oktoba 2013, Marin Hassan Marin alipofariki Aprili 2020, na Charles Hilary alipofariki Mei 2025, nchi ililia hadharani. Hao sauti zao ziliingia majumbani mwetu, na kilio kilikuwa halali yao.

Lakini hata kilio hicho hudumu siku tatu. Hutumwa salamu za rambirambi, hurushwa kipindi maalumu, kisha marehemu huachiwa familia. Na nyuma ya kila sauti iliyojulikana walikuwapo watu watano au sita ambao msikilizaji hakuwahi kusikia hata wakikohoa: fundi wa mnara, mtunza maktaba ya kanda, mpiga chapa wa taarifa ya habari, dereva wa gari la kurekodia, mlinzi aliyelala mlangoni usiku wa mapinduzi yaliyovumishwa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alitoka hapa Dodoma kwenye Bunge, akafia barabarani Dakawa, mkoani Morogoro. Rais Nyerere mwenyewe alilitangazia taifa kwa redio. Sauti ile ya Mwalimu inarudiwa kila mwaka, na kila Mtanzania aliyefikisha umri wangu atakuambia alikuwa wapi alipoisikia. Je, kuna anayelijua jina la fundi aliyefungua kipaza sauti jioni ile? Nani aliibonyeza mashine ya kunasa, na kwa kufanya hivyo akatuachia sauti hiyo?

Sitayachapa hapa majina ishirini na matatu ya daftari langu. Familia zao hazijaniruhusu, na jina la marehemu si mali ya mwandishi wa makala. Natambua kwamba hilo linaidhoofisha hoja yangu: nawataja waliokwisha kutajwa, na waliosahauliwa nawaacha bila majina. Ndiyo maana nasema kazi hii haiwezi kuachiwa rafiki mmoja mwenye daftari. Ni kazi ya taasisi, yenye majalada ya ajira, yenye uwezo wa kuwaita wajane na watoto na kuwaomba ruhusa kwa heshima.

Sasa nije kwenye kanda, na nitaanza na kisa ninachokijua mwenyewe.

Mwanzoni mwa utumishi wangu, katika kituo kimoja cha mkoani ambacho sitakitaja, tulitumwa vijijini msimu ambao mvua zilikatika Februari na mtama ukakauka kabla haujatoa masuke. Marehemu tuliyemzika Jumamosi ndiye aliyebeba kinasa sauti. Alipofika kwa mzee wa Kigogo hakuanza na maswali. Alisema “Mbukwenyi”, akaketi, akauliza habari za ng'ombe na za watoto, na mashine ilikuwa ikizunguka muda wote. Salamu hizo hazikuruhusiwa kwenda hewani kwa kuwa redio ya taifa ilitangaza kwa Kiswahili, hivyo turudipo kituoni alizikata kwa wembe. Vipande vya Kigogo vilianguka sakafuni, vikafagiliwa. Yeye aliviokota vile virefu, akaviunga pamoja kwenye kanda yake ya pembeni.

Mzee mmoja alisema kwenye kinasa sauti kwamba kijijini kwake kuna njaa, na kwamba babu yake alimsimulia Mtunya, ile njaa kuu iliyoiteketeza Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, na kwamba anaona dalili zilezile. Niliandika neno “njaa” katika taarifa. Mhariri wa zamu alilipiga mstari, akaandika juu yake “upungufu wa chakula”. Nilisoma hewani “upungufu wa chakula”. Sauti ya mzee haikutumika. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nina mke na mtoto, na sikubishana. Huo ndio ukweli wangu, na sijauandika mahali popote mpaka leo.

Fundi hakubishana pia. Aliichukua kanda, akaiandika kwa kalamu ya wino jina la kijiji, tarehe, na neno moja: NJAA. Akaipanga rafuni. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu wa chuo na nikifanya utafiti, nilikwenda kuitafuta. Kasha nililikuta na maandishi yake yalikuwapo. Nilipoiweka kwenye mashine nikasikia bendi ikitumbuiza katika ukumbi fulani. Kanda mpya zilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo za zamani zilifutwa na kurekodiwa upya. Nilimpigia simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: “Mwalimu, sisi tuliandika. Kufuta walifuta wengine.”

Hapa ndipo lilipo pingamizi kubwa kuliko yote, na ni haki nilikabili. Wako wanaosema: redio ile ilikuwa kipaza sauti cha chama na serikali, kwa nini tuwajengee ukumbusho watu waliosoma walichopewa? Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza hivyo darasani, na darasa zima likanitazama.

Jibu langu ni kwamba ana haki ya kuuliza, na ndiyo maana anahitaji ushahidi. Redio hiyohiyo ilifundisha. Kampeni ya “Mtu ni Afya” ya 1973 iliwakusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Idhaa yake ya nje ilizipa nafasi sauti za vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, wakati wapiganaji wao wakiwa kambini Kongwa. Na redio hiyohiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya dola wakati wa Operesheni Dodoma ya 1971, familia za Wagogo zilipohamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika na kupelekwa katika vijiji vya pamoja. Nani alisoma taarifa zile? Alisoma nini? Alinyamazia nini? Je, kulikuwa na fundi mahali fulani aliyehifadhi kilichokatwa?

Siwaombei utakatifu marehemu wenzangu. Baadhi yao walikuwa waoga kama mimi, baadhi walikuwa wachapa kazi hodari wa propaganda na walijivunia. Wapo waliokunywa mno, wapo waliopendelea makabila yao. Kukumbuka si kusifu. Taifa lisilojua nani alisema nini, kwa amri ya nani, na nani alijaribu kusema kinyume, haliwezi kumhukumu wala kumtakasa mtu yeyote. Anayefaidika na kusahauliwa kwa fundi aliyeandika NJAA kwenye kasha si fundi. Ni yule aliyelipiga mstari neno.

Pingamizi la pili ni fedha. Nitaambiwa zahanati hazina dawa na shule hazina madawati, nami nataka kuhifadhi kanda. Hoja hii husikika kila kumbukumbu zinapotajwa, lakini haisikiki pale yanaponunuliwa magari. Nchi maskini kama sisi zimefanya kazi hii. Guinea, iliyopita njia ya kisiasa iliyofanana na yetu chini ya Sékou Touré, ilikuwa na maktaba ya kanda za redio ya taifa iliyokuwa ikioza. Kuanzia 2008, kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuokoa hifadhi zilizo hatarini, zaidi ya nyimbo 9,000 za redio hiyo ziligeuzwa kuwa za kidijiti, na zikawekwa kwenye intaneti. Ufaransa iliunda taasisi maalumu ya kuhifadhi matangazo ya redio na televisheni mwaka 1975, na tangu 1992 sheria inataka vipindi viwekwe huko kama vitabu viwekwavyo maktaba ya taifa. Hapa kwetu kitabu kikichapishwa, sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala kwenye Huduma za Maktaba. Neno lililosemwa redioni, ambalo kwa miaka thelathini lilisikika mahali pasipofika kitabu, nalo lastahili heshima hiyo.

Wala si kweli kwamba tunaanza na mikono mitupu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 ipo, na inazifungulia umma kumbukumbu zilizotimiza miaka 30. Hesabu mwenyewe: kila kilichonaswa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 kimekwisha kutimiza umri huo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo hapahapa Dodoma. Na kuna jambo ambalo fundi wetu alikuwa akilisema nasi tukicheka: kanda haipendi pwani. Joto na unyevu wa Dar es Salaam hulegeza gundi inayoushika unga wa sumaku, kanda ikanata na kupukutika kwenye mashine. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu karibu miezi minane ya mwaka, na mvua yake ni kama nusu ya ile ya pwani. Ukame uliotutesa katika kilimo ungetusaidia katika hifadhi. Kama kuna kitu cha serikali kinachostahili kuhamia Dodoma kwa sababu za kimaumbile na si za kisiasa, basi ni kanda hizo.

Muda ndio usiokuwepo. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kwamba ifikapo 2025 hivi itakuwa vigumu mno kuzicheza kanda za sumaku sehemu nyingi duniani, kwa kuwa mashine, vipuri na wataalamu wanaozijua vitakuwa vimekwisha. Soma tena neno la mwisho: wataalamu. Hapo ndipo majina na kanda vinapokutana. Kanda nyingi za vituo vya mikoani ziliandikwa kwa vifupisho ambavyo mwandikaji peke yake alivijua. Marehemu wetu alitumia herufi mbili kwa wilaya, nambari kwa msimu wa mvua, na nukta nyekundu kwa sauti “iliyokatazwa”. Nani mwingine anaijua nukta ile nyekundu? Namjua mmoja, mgonjwa wa kisukari, anayeishi Singida. Kila tunapomzika mmoja wa watu hawa bila kumhoji, tunazika ufunguo, na hata siku fedha za kidijiti zitakapopatikana, tutakuwa na rafu ya makasha yasiyosomeka.

Wanafunzi wangu hawajui kwamba wamepoteza kitu. Mmoja wao aliandika tasnifu juu ya muziki wa Wagogo. Sauti ya Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki Desemba 2003, aliipata kwa dakika moja, kwa sababu albamu yake “Chibite” ilitolewa na kampuni ya Uingereza mwaka 1996 na haijapotea sokoni. Aliponiuliza ni wapi atazisikia sauti za wazee wa Mvumi na Kondoa zilizonaswa na mafundi wa nchi yake mwenyewe, kwa kodi ya babu zake, nilikosa mahali pa kumpeleka. Nilimpa namba ya simu ya marehemu. Alizungumza naye mara mbili. Tasnifu hiyo sasa ndiyo maandishi pekee ninayoyajua ambamo jina la mtu yule limeandikwa kwa kazi yake.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nayaelekeza kwa wizara yenye dhamana ya habari, kwa bodi ya shirika, na kwa wabunge wanaoketi hapa kila Aprili kupitisha bajeti.

La kwanza, lifunguliwe daftari rasmi la watumishi wote wa utangazaji wa umma waliotangulia mbele ya haki tangu 1951, chini ya majina yote matano ya taasisi hiyo, na wa ngazi zote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi. Majina hayo yaandikwe katika ukuta wa jengo la Vikonje, kwa idhini ya familia. Kongwa tumeyatunza makaburi ya wapiganaji wa ukombozi waliotoka nchi nyingine. Hatutashindwa kuwaandika waliokuwa wakirusha sauti zao.

La pili, wastaafu walio hai waitwe sasa, wahojiwe, walipwe posho kama wataalamu, wakae mbele ya rafu na waseme kila alama ina maana gani. Kazi hiyo itangulie ununuzi wa mashine.

La tatu, kila tarehe 13 Februari, Siku ya Redio Duniani, TBC Taifa itenge nusu saa baada ya taarifa ya habari, ile inayofunguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, isome majina ya marehemu wake. Isiwe hotuba, wala asialikwe mgeni rasmi. Yasomwe majina, kazi zao, vituo vyao na miaka yao, kwa mtindo uleule wa matangazo ya vifo, ili habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Nusu saa ya muda wa hewani hailipiwi kodi ya forodha.

Msalaba wa Maili Mbili umeandikwa kwa rangi nyeupe ya mafuta, na kwa mvua za Desemba nadhani utasomeka mwaka mmoja au miwili. Daftari langu lina majina ishirini na matatu, kazi zao na miaka yao. Wiki hii nimeanza kuzitembelea familia kuomba ruhusa. Tatu zimekubali, moja imenifukuza, nayo ina sababu zake. Nikimaliza nitalipeleka ofisi ya shirika hapa Dodoma, kwa mkono, na nitaomba nigongewe muhuri wa kupokelewa. Kama nawe uliwahi kufanya kazi katika nyumba ile, popote ulipokuwa, andika ya kwako. Na kama unamjua mzee wa Singida ninayemsema, nenda kamwone mwezi huu, ukae naye, umwulize juu ya nukta nyekundu.